Kodi ya Nyumba Isiyokalika

Mhadhara kwa viongozi wa serikali za mitaa, wanafunzi wa sheria na wapangaji, Dar es Salaam

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo kila mmoja wenu amewahi kulisikia, na wengine limewakuta. Nyumba uliyoipanga ikiwa haikaliki tena, kodi yake inakuwaje?

Nitaanzia Kampala, kwa majirani zetu, maana huko swali hili liliulizwa na jiji zima kwa wakati mmoja. Mwisho wa Machi 2020 Serikali ya Uganda, katika kupambana na Uviko-19, iliamuru maduka yasiyouza chakula yafungwe. Katikati ya Kampala kuna majengo ya ghorofa yaliyogawanywa vyumba vidogo vidogo vya biashara, na mtu aliyezoea kupanda ngazi za Kariakoo anayajua hata kama hajawahi kufika Uganda. Majengo hayo yalifungwa, na hayakufunguliwa hadi mwishoni mwa Julai. Kwa karibu miezi minne mfanyabiashara hakufungua mlango wake, hakuuza kitenge wala kiatu. Rais Museveni aliwataka wenye nyumba wasiwafukuze wapangaji katika kipindi hicho. Lakini kutofukuzwa ni jambo moja na kusamehewa kodi ni jambo lingine, na milango ilipofunguliwa, wengi walikuta deni la miezi yote ile likiwasubiri. Wenye majengo nao walikuwa na lao la kusema, kwa kuwa wengi walijenga kwa mkopo wa benki, na benki ilikuwa bado inadai.

Nani alikuwa na haki? Jibu lilipaswa kutoka katika sheria ya nchi. Na hapa ndipo habari ya muswada inapoingia. Mwaka mmoja kabla, Juni 2019, Bunge la Uganda lilikuwa limepitisha Muswada wa Mwenye Nyumba na Mpangaji wa 2018. Ulikusudiwa kuchukua nafasi ya sheria zilizorithiwa tangu ukoloni. Ulitaka nyumba inayopangishwa iwe inayofaa kukaliwa na binadamu, kodi isipande kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, kodi itajwe kwa shilingi, na mpangaji asitolewe nje bila amri ya mahakama. Rais hakuuridhia. Ugonjwa ukafika, maduka yakafungwa na kufunguliwa, huku muswada haujawa sheria. Uliandikwa upya, ukarudi bungeni, na hatimaye nchi ikapata Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022.

Sisemi kwamba saini ya 2019 ingewafutia wafanyabiashara wa Kampala deni lao. Muswada haukuandikwa na mtu aliyeota janga la korona. Nasema kwamba katika miezi ile minne mpangaji na mwenye nyumba waliachwa wabishane kwa nguvu za kila mmoja, na katika mabishano ya namna hiyo sote tunajua nani hushinda. Mwenye ufunguo hushinda.

Tunapaswa pia kuelewa muswada hukwama vipi, kwa sababu wengi wetu hudhani Bunge likishapiga kura kazi imekwisha. Katika Uganda, ibara ya 91 ya Katiba inampa Rais siku 30. Anaweza kutia saini, kuurudisha muswada akisema unahitaji kutazamwa tena, au kulijulisha Bunge kwamba hauridhii. Ukirudishwa mara mbili, Bunge linaweza kuupitisha kwa theluthi mbili na ukawa sheria bila saini yake. Kenya, kwa ibara ya 115, Rais ana siku 14, na wabunge wakitaka kushikilia maneno yao bila kuyabadili baada ya Rais kueleza pingamizi, nao wanahitaji theluthi mbili. Hapa kwetu ibara ya 97 ni kali zaidi kwa Bunge. Muswada ulionyimwa kibali haupelekwi tena kwa Rais kabla ya miezi sita kupita, isipokuwa ukiungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Ukipelekwa tena kwa kura hizo, Rais ana siku 21 za kuuridhia, la sivyo analivunja Bunge. Mbunge anayeshikilia muswada wa wapangaji hadi hatua hiyo anakiweka kiti chake mezani. Ni wabunge wangapi watafanya hivyo kwa ajili ya mtu aliyepanga chumba kimoja Manzese?

Na kura ya turufu siyo njia pekee ya muswada kufa. Kenya ilikuwa na Muswada wa Mwenye Nyumba na Mpangaji wa 2021. Ulitaka kuziunganisha sheria tatu: ile ya kudhibiti kodi za makazi, sura ya 296, ile ya maduka, hoteli na mikahawa ya mwaka 1965, sura ya 301, na ile ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, sura ya 293. Bunge la 12 lilimaliza muda wake 2022 na muswada haukuwa sheria. Hakuna Rais aliyeukataa, muda tu ulikwisha. Hadi leo baraza la kodi za makazi la Kenya linasikiliza kesi za nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Tafuteni chumba cha bei hiyo Nairobi leo mniambie mmekipata wapi. Sheria iliyokusudiwa kumlinda maskini imebaki na kiwango ambacho maskini mwenyewe alishakipita zamani.

Sasa turudi kwenye swali lenyewe, na niwaombe uvumilivu, kwa sababu lazima niwapeleke mbali kidogo. Ukijua kanuni hizi zilitoka wapi, hutaogopa kuambiwa kwamba kudai kodi ipunguzwe ni uasi.

Mwaka 1647, Uingereza ikiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, mahakama ya London iliamua kesi ya Paradine na Jane. Jane alikuwa mpangaji wa ardhi. Jeshi la Mwanamfalme Rupert lilimwondoa katika ardhi hiyo likaikalia. Miaka ikapita hajavuna chochote. Paradine, mwenye ardhi, akadai kodi yake yote, na mahakama ikasema ilipwe. Hoja ya majaji ilikuwa kwamba mtu akijifunga mwenyewe kwa mkataba, lazima atimize. Kama alitaka kusamehewa wakati wa vita, angeliandika hilo katika mkataba. Tena, kwa kuwa faida ya bahati ingekuwa yake, hasara ya bahati nayo ni yake.

Kanuni hiyo iliishi muda mrefu mno. Mwaka 1979 huko Hull, halmashauri ya mji ilifunga barabara iliyokuwa njia pekee ya magari kufikia ghala moja, kwa sababu jengo la upande wa pili lilikuwa bovu na la hatari. Kampuni iliyopanga ghala hilo, Panalpina, haikuweza kulitumia kwa takribani miezi 20. Iliacha kulipa, ikashtakiwa na mwenye ghala, National Carriers. Kesi ilifika hadi kwa majaji wa juu kabisa, katika Baraza la Malodi. Walikubali, na hilo lilikuwa jambo jipya, kwamba mkataba wa kupanga unaweza kufa wenyewe pale matukio yanapouondolea maana. Kisha wakasema kwamba miezi 20 katika mkataba wa miaka 10 haitoshi kuuua. Ghala lililofungwa likalipiwa kodi yote.

Kwa nini mkazi wa Mbagala ajali habari za Hull? Kwa sababu sheria hiyo ililetwa kwetu. Tarehe 22 Julai 1920 ndiyo siku ambayo sheria ya Uingereza, kama ilivyokuwa siku hiyo, ilifanywa kuwa msingi wa mahakama za Tanganyika. Kwa Kenya ni tarehe 12 Agosti 1897, na kwa Uganda tarehe 11 Agosti 1902. Pamoja na mambo mema yaliyomo ndani yake, ilikuja pia ile fikra kwamba anayepanga ananunua kipande cha ardhi kwa muda, na kilicho juu ya ardhi kikianguka, ardhi bado ipo, basi alipe.

Lakini watu wa pwani hawakuwa wakisubiri meli ya Mwingereza iwafundishe kupangisha nyumba. Katika madrasa za Lamu, Mombasa na Unguja kilisomwa, na bado kinasomwa, kitabu cha fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, kiitwacho Minhaj, cha Imam Nawawi, aliyefariki 1277. Humo, katika mlango wa ijara, yaani upangishaji, imeelezwa wazi kwamba nyumba iliyopangishwa ikibomoka, mkataba unavunjika. Haihitaji mpangaji aombe huruma. Manufaa ndiyo yaliyouzwa, na manufaa yakiondoka hakuna kilichobaki cha kulipiwa. Na wanazuoni hao walikwenda kwa undani zaidi. Shamba lililopangwa kwa kilimo likikatikiwa maji, mkataba hauvunjiki wenyewe, bali mpangaji anapewa hiari ya kuendelea au kutoka. Mkataba unapovunjika, unavunjika kwa siku zilizobaki, si kwa siku zilizokwisha kutumika, na kila upande unapata fungu lake kwa hesabu. Waturuki walipoandika sheria yao ya madai katika karne ya 19, iitwayo Majalla, waliweka kanuni hiyo hiyo na mifano ya watu wa kawaida: hamamu iliyofungwa kwa matengenezo, na kinu kilichokatikiwa maji. Siku za kufungwa hazilipiwi.

Warumi nao walisema jambo la jirani na hilo. Mwanasheria wao Ulpianus aliandika kwamba aliyekodi shamba hadaiwi kodi endapo adui ameingia au tetemeko limetokea. Kwa hiyo, ndugu zangu, ukitazama historia kwa upana, kanuni ya Paradine ndiyo iliyo ngeni. Dunia kubwa ilikwisha kuamua kwamba kodi ni bei ya matumizi.

Waingereza wenyewe na Wamarekani walianza kurudi polepole. Mwaka 1970 mahakama ya rufani ya Washington, katika kesi ya Javins, ilitazama jengo la Clifton Terrace lenye makosa karibu 1,500 dhidi ya kanuni za ujenzi na afya. Jaji Skelly Wright alisema mpangaji wa mjini hatafuti udongo. Anatafuta mahali pa kuishi penye joto, mwanga, maji, milango inayofungika na usafi. Mwenye nyumba asipotoa hivyo, amevunja ahadi yake, na wajibu wa kulipa kodi unategemea ahadi hiyo. Ujerumani imekwenda mbali zaidi. Kifungu cha 536 cha sheria yao ya madai kinasema kodi inapungua yenyewe kwa kadiri nyumba ilivyopungua kufaa.

Na sisi? Hapa ndipo ninapotaka wanafunzi wa sheria wafungue masikio. Tanzania haihitaji kuanza upya. Sheria ya Ardhi ya 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, inasema katika kifungu cha 88 kwamba ndani ya kila mkataba wa kupangisha zimo ahadi za mwenye nyumba hata kama hazikuandikwa. Nyumba au chumba cha kuishi kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu siku ya kwanza, na kiendelee kufaa muda wote. Na jengo likiharibiwa kwa moto, mafuriko, dhoruba, tetemeko, fujo au ajali nyingine isiyotokana na uzembe wa mpangaji, hata likawa halifai kukaliwa, kodi inasimama, yote au sehemu yake kwa kadiri ya uharibifu, hadi jengo litakapofaa tena. Miezi sita ikipita bila kutengenezwa, mpangaji anaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja. Kenya ilichukua maneno yanayofanana na hayo ikayaweka katika kifungu cha 65 cha Sheria yake ya Ardhi ya 2012.

Someni kifungu hicho. Kipelekeni kwenye ofisi ya serikali ya mtaa mkibandike ukutani. Nimewauliza watu wengi wanaoishi kwa kupanga kama wamewahi kukisikia, na sura zao zimekuwa jibu tosha. Haki hii imekuwapo tangu watoto wetu wengi hawajazaliwa, na mafuriko yamepita juu yake mara kwa mara bila mtu kuitaja.

Lakini kutojulikana siyo tatizo lake kubwa. Tatizo kubwa ni hili: kifungu kinasema kodi itasimama. Kodi gani itakayosimama? Katika miji yetu mpangaji hulipa kabla. Miezi mitatu ni bahati, miezi sita ni kawaida, mwaka mzima si ajabu, na juu yake mwezi mmoja wa dalali. Fremu ya Kariakoo ina kilemba juu ya kodi. Mtu amelipa Januari hadi Desemba. Mwezi Aprili maji ya mto Msimbazi yanaingia hadi dirishani, choo kinafumka, ukuta wa nyuma unalala. Sheria inamwambia: kodi yako imesimama. Fedha yake ilikwisha kuwa mabati ya nyumba nyingine ya mwenye nyumba, au ada ya shule ya watoto wake. Kusimamisha malipo yaliyokwisha kufanyika hakumpi mpangaji hata nauli ya kuhamisha vyombo.

Kifungu kile kiliandikwa kwa ajili ya mpangaji anayelipa mwezi baada ya mwezi, ambaye silaha yake ni kutolipa. Mpangaji wa Nairobi, anayelipa kila mwezi na depoziti ya mwezi mmoja, akikuta maji ndani anaweza angalau kufunga virago na kupoteza depoziti. Mwaka 2024, mvua za Aprili na Mei zilipofurika Mathare, wengi walifanya hivyo kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Mpangaji wa Dar es Salaam hawezi hata hilo bila kuacha nyuma kodi ya nusu mwaka aliyokwisha kulipa. Anachohitaji ni kurudishiwa, na neno hilo halimo katika kifungu. Mahakama inaweza kulifikia kwa hoja, wakili mzuri anaweza kulijenga, lakini mama lishe aliyepoteza sufuria zake hana wakili. Fiqhi ile ya pwani ilikwisha kulitatua jambo hili kwa hesabu yake ya fungu la siku zilizobaki. Nashangaa kwamba wataalamu waliotuandikia sheria 1999 hawakuchungulia hapo.

Halafu ile miezi sita. Kwa kampuni iliyopanga ghorofa mbili za ofisi, kusubiri miezi sita kunawezekana, maana ina tawi lingine na ina bima. Kwa familia ya watu sita iliyoweka magodoro kwa jirani, miezi sita ni muhula mzima wa shule. Na kwa upande mwingine kuna majengo ambayo miezi sita ni mzaha. Soko la Kariakoo liliungua tarehe 10 Julai 2021, na kulijenga upya kulichukua miaka. Wafanyabiashara wake walitawanyika kwenye masoko mengine. Kipimo kimoja hakiwezi kuwafaa wote. Sheria nzuri ingetofautisha chumba cha kulala na eneo la biashara, na ingempa mpangaji wa chumba haki ya kuondoka siku ile ile nyumba inapothibitika kwamba haikaliki.

Nani atathibitisha? Hili linanisumbua kuliko yote. Novemba 2024, jengo lilianguka hapa Kariakoo na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Siku ile kila mtu alijua jengo halifai. Lakini wiki moja kabla ya jengo lolote kuanguka, ni nani mwenye uwezo wa kuingia, kutazama nyufa, na kusema kwa maandishi kwamba kuanzia leo hapa hapalipiwi kodi na hapakaliwi? Mpangaji akisema, anaambiwa anatafuta sababu ya kutolipa. Mwenye nyumba akisema, anapoteza kipato chake mwenyewe. Fundi wa mtaani hana mamlaka. Mhandisi wa halmashauri anayo, lakini hana wajibu wa kuja ndani ya siku fulani mpangaji anapomwita. Kama tungekuwa na kifungu kimoja tu cha kuongeza, ningeomba hicho: mpangaji akiandika barua, mkaguzi afike ndani ya siku saba, na cheti chake kiwe ushahidi kuhusu kodi.

Niwatendee haki wenye nyumba, kwa maana wamo humu ndani na nimewaona. Mwenye nyumba wa Tanzania mara nyingi siyo tajiri. Ni mwalimu mstaafu aliyemaliza mafao yake kwenye vyumba vinne na choo cha nje. Ni mjane ambaye kodi ya vyumba viwili ndiyo dawa yake ya presha. Mafuriko yakibomoa vyumba hivyo, yeye amepata hasara mara mbili, ya jengo na ya kodi, na sasa mhadhiri anamwambia arudishe na fedha alizokwisha kuzila. Naelewa uchungu huo, na siupuuzi. Nasema hivi: hasara ya jengo ni ya mwenye jengo, kwa kuwa siku ardhi ikipanda bei, faida ni yake peke yake. Majaji wa Paradine walisema mwenye faida ya bahati abebe hasara ya bahati. Wakaielekeza hoja hiyo kwa mtu asiyestahili. Mpangaji wa Jangwani hajawahi kugawiwa shilingi moja siku kiwanja kilipopanda thamani.

Na kuna wenye nyumba wanaojua kabisa kwamba bonde lao hujaa. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, Serikali iliwahamishia baadhi ya waathirika Mabwepande. Nyumba nyingi za bondeni zilipigwa rangi upya na kupangishwa tena kwa watu waliotoka mikoani, wasiojua maji yalifika wapi. Anayepangisha nyumba hiyo kwa kodi ya mwaka mzima, mwezi mmoja kabla ya masika, hawezi kusema mafuriko ni ajali. Mtu huyo nadhani anapaswa kurudisha kodi na kulipa vyombo vilivyoharibika pia. Huo ni udanganyifu, na neno laini zaidi sina.

Kuhusu mahali pa kudai, nitasema machache. Zamani tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi, ya mwisho ikiwa ya 1984, pamoja na mabaraza yake ya nyumba. Ilifutwa 2005. Ilikuwa na kasoro, na sitaki kuililia yote. Ila pamoja nayo uliondoka mlango mmoja ambao mpangaji aliujua kwa jina. Leo mgogoro kama huu unakwenda kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lililoundwa chini ya sheria ya 2002. Huko mpangaji wa chumba anapanga foleni pamoja na migogoro ya mashamba ya ekari mia. Kesi ya viwanja inaweza kusubiri mwaka. Kesi ya mtu anayelala kibarazani haiwezi. Linganisheni na haki ya mwenye nyumba wa Kenya, ambaye ile sura ya 293 inamruhusu kukamata mali ya mpangaji aliyechelewa kodi. Upande mmoja una njia ya siku chache, upande wa pili una njia ya miaka, halafu tunasema wote ni sawa mbele ya sheria.

Ninyi wanafunzi mtakuwa washauri wa wabunge, na baadhi yenu mtakuwa wabunge. Msianze kwa kuandika muswada mkubwa unaogusa kila kitu. Muswada wa Uganda ulibeba kikomo cha kodi, sarafu, utaratibu wa kuwatoa wapangaji na ubora wa nyumba katika fungu moja, na Rais akishagoma kwa kipengele kimoja, vyote vinalala pamoja nacho. Kikomo cha kodi ni jambo la ubishi mkubwa wa kiuchumi, na watu wema wako pande zote mbili. Lakini ni nani atakayesimama hadharani kusema mtu alipie chumba kilichojaa maji? Lichukueni jambo hilo peke yake. Andikeni marekebisho ya kifungu cha 88, ukurasa mmoja. Semeni kwamba kodi iliyolipwa kabla, kwa siku ambazo nyumba haikaliki, ni deni la mwenye nyumba kwa mpangaji, lilipwe ndani ya siku 30 au kwa mafungu atakayopanga mwenyekiti wa baraza pale mwenye nyumba anapokuwa hana uwezo. Semeni kwamba cheti cha mhandisi wa halmashauri kinatosha. Semeni kwamba hakuna mkataba unaoweza kuiondoa haki hiyo, maana msipoandika hivyo, kesho kila mkataba wa dalali utakuwa na sentensi ya kuifuta. Muswada mdogo wa namna hiyo ni mgumu kuunyima saini, na Rais akiunyima, wananchi watajua ameunyima kwa sababu gani.

Nanyi wapangaji msisubiri Bunge. Ombeni mkataba wa maandishi hata kama ni chumba kimoja, ingawa sheria yetu inautambua upangaji wa mdomo usiozidi mwaka. Kodi ikilipwa, dai risiti yenye tarehe ya mwanzo na ya mwisho. Nyumba ikipata madhara, piga picha siku hiyo hiyo, andika barua kwa mwenye nyumba ukitaja kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi, na nakala moja ipelekwe serikali ya mtaa igongwe muhuri. Mwenyekiti wa mtaa, ukiletewa barua hiyo, igonge muhuri bila kuomba kitu. Msiishie kumwomba mwenye nyumba huruma. Mwambieni mnadai kilicho chenu, na mseme kwa adabu, na mseme mkiwa wengi.